Matroni Hakushangilia

Siku timu ya mpira wa kikapu ya wasichana wa chuo chetu ilipowafunga wageni kutoka Mbeya kwa pointi moja, watu walivua mashati. Madereva waliokuwa wakisubiri karatasi zao za forodha walipiga honi mpaka mbwa wa mtaa wetu wa Chapwa wakaanza kubweka. Simbeye, muuza spea za malori, alimbeba kocha mgongoni akazunguka naye uwanja mzima. Mimi nilirusha daftari langu juu na sikuliona tena hadi kesho yake. Matroni peke yake ndiye aliyebaki kwenye kiti chake cha plastiki. Aliupokea mpira, akaufuta vumbi kwa upindo wa kitenge, akautumbukiza kwenye mfuko wa salfeti.

"Mwandishi," akaniita, "waambie wapunguze kelele. Barabarani kuna watu."

Nilidhani ni uzee. Simbeye alidhani ni kijicho, ingawa hakuweza kueleza mtu anaioneaje kijicho timu aliyoilea mwenyewe.

Kibanda changu cha kutolea fotokopi kinatazamana na geti la chuo. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiandika habari za mechi za timu ile kwenye karatasi moja na kuibandika kwenye kioo cha dirisha, ndiyo maana Matroni akaniita Mwandishi. Kwa hiyo nilimwona karibu kila siku, na nikifungua madaftari yangu namkuta katika kurasa nyingi kuliko kocha yeyote. Makocha walikuja na kuondoka. Wakuu wa chuo nao hivyo hivyo. Yeye alistaafu kazi ya bweni, akakabidhi sare, lakini chumba nyuma ya jiko hakukikabidhi, na mpira pia hakuukabidhi.

Alikuwa mtu wa milima ya Ileje, na Kiswahili chake kilipanda mwishoni mwa sentensi kama njia za kwao. Kwa sababu hiyo kila alichosema kilisikika kama swali, hata amri. "Utafagia uwanja?" maana yake ilikuwa fagia uwanja. Wasichana wageni walimjibu "Hapana, Matroni," wakidhani wanaulizwa, na wakajuta.

Alichukia makelele, naye ndiye aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote. Aliwafukuza madereva getini kwa fagio, kisha akawapelekea chai kwenye chupa, kwa maelezo kwamba mtu mwenye njaa ana macho mabaya. Dereva mmoja wa upande wa Zambia, Bwalya, alikuwa akimpigia magoti kwa utani na kumwamkia kwa Kibemba kila alipovuka mpaka.

"Bamayo, mulishani!"

"Mimi si mama yako. Simama, unachafua suruali."

"Leo mtafungwa ngapi, Bamayo?"

"Zile zile. Kunywa chai uende."

Wakati ule timu ilifungwa kila mara, na kulikuwa na amani ya ajabu katika kufungwa huko. Wageni walikuja, wakaucheka uwanja wetu, wakashinda, wakala wali, wakaondoka. Hakuna aliyekuwa na haja ya kuuliza chochote. Matroni aliipenda timu ilipokuwa hivyo. Alishona jezi zao kwa kitambaa cha mapazia. Aliamka nao alfajiri kwa mazoezi, akiwa amejifunika blanketi, akakaa hapo kwenye baridi ya Tunduma hadi jua litoke. Kanuni za mchezo hakuzijua vizuri. Hadi anastaafu aliamini kwamba kosa la sekunde tatu ni chuki ya refa, na mara moja alimwuliza refa mbele ya watu kama nyumbani kwake hakuna saa.

Lakini alijua watu. Kapteni wetu, msichana mrefu wa Msangano kutoka familia ya wafugaji waliohamia bondeni, yuko chuoni leo kwa sababu ya Matroni. Baba yake alikuja siku moja na fimbo ya kuswagia ng'ombe, amevaa makubazi ya matairi, akataka kumrudisha binti nyumbani. Alikuwa amesikia kwamba anavaa kaptula na kukimbia mbele ya wanaume. Matroni alimwekea kiti pembeni ya uwanja. Alimwambia atazame mazoezi hadi mwisho, kisha aseme kama ameona aibu. Mzee alitazama. Mwishowe alisema jambo moja, nami nikaliandika: "Akichezea hapa ndani, wewe ukimwona, sawa. Mpira ukihamia huko mjini, yeye anahamia nyumbani." Matroni alimpa mkono. Tangu siku hiyo, akiwapo chuoni, Matroni hakukosa mazoezi hata moja, hata alipokuwa na homa.

Sasa niseme habari ya nguzo, maana ndipo watu walipomwona mkorofi.

Uwanja wetu ulikuwa wa udongo mwekundu ulioshindiliwa. Mistari ilichorwa kwa chokaa. Magoli yalisimama juu ya nguzo za mikaratusi, na kila mwaka, mavuno yakiisha, Matroni aliamuru nguzo ziling'olewe, hata kama hazijaliwa na mchwa. Zilikaa chini siku mbili tatu, kisha zikachimbiwa upya. Tulilalamika. Nguzo za namna hiyo hazisimami sawasawa. Moja iliinamia upande wa barabara, na ringi yake ilitikisika mpira ukigusa ubao. Mara mbili watu wa kujitolea walileta saruji, na mara zote mbili Matroni aliikataa, akawashukuru, akawapa chai.

"Mama, hizi nguzo ndizo zinatufungisha," Simbeye alimwambia.

"Nguzo hazijawahi kukosa mtupo."

"Basi tuambie sababu."

"Sababu ni kwamba nimesema?"

Sauti ikapanda, mazungumzo yakaisha. Huko nyuma yake watu wakanong'ona kwamba amefukia kitu pale chini. Mimi sikuamini, lakini niliandika kwamba watu wananong'ona.

Jambo jingine nililolijua bila kulielewa ni chumvi. Kila baada ya nguzo kusimamishwa upya, Matroni alinunua mfuko wa chumvi, akaufunga kwenye kanga safi, akatembea hadi kwa bibi mmoja mjane aliyeishi nyuma ya chuo. Nilidhani ni huruma ya kanisani. Bibi yule alipofariki, safari za chumvi zilikoma.

Nirudi kwenye ule ushindi. Jioni ile na wiki nzima iliyofuata, kwenye ukuta wa kibanda changu pakawa bunge. Hoja ilikuwa moja: je, tumeshinda kwa sababu tumekuwa wazuri, au imetokea tu? Simbeye alisema timu imekomaa. Bwalya alisema wageni walishindwa na nguzo iliyoinama, maana wasichana wetu wanaijua kama mtu anavyoujua mlango mbovu wa kwake, wanatupia kushoto kidogo na mpira unaingia, wakati wageni wanatupia katikati na unatoka.

"Kwa hiyo tumebebwa na mkaratusi?" Simbeye akauliza kwa hasira.

"Sijasema hivyo, ndugu yangu. Nasema msiunyooshe."

"Timu ya kweli haichezi na mti! Tukiwa na nguzo za chuma tutawafunga hapa, tutawafunga na kwao. Mwandishi, andika hilo."

Nililiandika. Watu walitazama mbele kwa mara ya kwanza. Walizungumza habari za mashindano ya kanda, za kupata wafadhili, za wasichana wanaoacha vyuo vingine kuja kwetu. Matroni alipita na ndoo yake, akasikiliza hadi Simbeye alipomaliza.

"Cha kuazima hakipigiwi kelele," akasema, akaendelea na safari.

Hakuna aliyeuliza ni kitu gani kimeazimwa. Nami, ambaye kazi yangu ni kuuliza, sikuuliza.

Wiki mbili baadaye alikwenda kwao Itumba, Ileje, kumuuguza mdogo wake. Tuliona ndiyo nafasi. Simbeye alileta mabomba mawili ya chuma. Bwalya alileta saruji. Mafundi walikuja bila kuitwa, na hadi mchana nguzo zilikuwa zimesimama wima, zimenyooka hata ukizitazama machozi yanataka kutoka. Chini ya kila nguzo tulimwaga kitako cha zege kipana kama meza. Zege likiwa bado bichi, Simbeye alinipa msumari.

"Wewe ndiye mwenye mwandiko. Weka alama ya kudumu."

Nilipiga magoti, nikaandika kwa herufi kubwa: MALI YA CHUO. Watu wakapiga makofi.

Mechi iliyofuata tulishinda tena, na safari hii si kwa pointi moja. Bwalya alikubali mbele ya watu kwamba alikosea kuhusu mkaratusi. Watazamaji waliongezeka, wakiwamo ambao hatukuwajua. Mmoja alikuja na pikipiki nyekundu, akaiegesha upande wa barabara, na hakutazama mchezo. Alitembea pembeni mwa uwanja kwa hatua ndefu, akihesabu kwa midomo. Alipofika kwenye nguzo aliinama, akapiga picha zege kwa simu yake. Niliandika: "Mgeni amevutiwa na uwanja."

Matroni alirudi siku ya tatu yake. Hakupandisha sauti. Alichuchumaa kwenye kitako cha zege, akapitisha kidole ndani ya herufi zangu, moja baada ya nyingine, hadi ya mwisho.

"Nani ana mwandiko huu?"

"Mimi, Matroni."

"Mwandiko mzuri." Akainuka kwa kushika nguzo. "Njoo jikoni."

Jikoni ndipo aliponieleza, akiwa amesimama, bila kunikaribisha kiti. Uwanja ule haukuwa wa chuo. Chuo kilipoanza, mkuu wa kwanza aliomba mahali pa michezo kwa mzee mmoja Mnyamwanga, mume wa yule bibi wa chumvi. Matroni alikuwapo, ameshika sinia la chai. Mzee alisema: chezeni, lakini msipande kitu kisichong'oka, na kila mwaka baada ya mavuno mlete chumvi, ili watu wajue ardhi ina mwenyewe. Hakukuwa na karatasi. Mkuu yule alipohamishwa alimwambia Matroni, "Karatasi ni wewe." Wakuu waliofuata hawakujua, na yeye hakuwaambia.

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza.

"Ningemwambia mkuu, angeita kikao. Kikao kingeandika barua. Barua ingewaamsha watoto wa marehemu, na wao wako mjini, hawajui chumvi, wanajua yadi za malori." Akafunika sufuria. "Nilidhani ukimya utatosha. Hilo ni kosa langu. La kwako liko pale nje, limekauka."

Nilitoka nikiwa nimeielewa ile kazi ya kila mwaka ya kung'oa nguzo. Kila mavuno aliuonyesha mtaa kwamba hatujapanda kitu. Kila mwaka aliifungua ile ahadi na kuifunga upya, mbele ya macho yetu, huku tukimwita mkorofi.

Tulijaribu kuvunja zege usiku? Hapana, hata hilo hatukuwahi. Kabla Simbeye hajapata nyundo kubwa, wana wawili wa marehemu walifika mchana kweupe, watu wazima wenye adabu, wakaomba maji ya kunywa, wakanywa. Mkubwa wao ndiye aliyezungumza.

"Sisi tulikuwa tunawaacha tu," alisema. "Mama alituambia kabla hajafa, hawa wanajua. Lakini ukimwazima mtu shamba akapanda mahindi, unalala. Akipanda mparachichi, unaamka. Nyie mmepanda chuma, na mmeandika jina."

Simbeye alisema tutayafuta maandishi.

"Picha tunayo," mdogo mtu akajibu, kwa upole.

Wiki ile ile vigingi vyenye rangi nyekundu vilipigwa kwenye pembe nne. Tukasikia kwamba mwenye malori fulani anataka mahali pa kuegeshea, karibu na barabara, pakavu, pamesawazishwa tayari. Tulikuwa tumepasawazisha sisi, kwa miguu ya wasichana, miaka yote hiyo. Mkuu wa chuo aliye sasa alishtuka kama mtu anayeambiwa kitanda chake si chake, akasema chuo kitasimama kidete. Shauri likapelekwa baraza la kata, lisikilizwe Jumatano. Na timu ikaendelea kushinda. Walishinda mechi ya tatu vigingi vikiwa vimesimama pembeni, na sasa wale wa ukutani walishangilia wakitazama barabarani kati ya kelele moja na nyingine.

Matroni alikuwa amerudi Itumba. Mdogo wake alikuwa amefariki, na safari hii alibeba na godoro.

Nilimfuata Jumatatu. Gari dogo lilinishusha karibu na ofisi za wilaya, nikapanda kwa miguu. Ukungu ulikuwa chini, migomba inadondosha maji. Nilimkuta barazani akipukuchua maharage, amekonda, ila macho yalikuwa yale yale. Alinikaribisha, akaniwekea viazi, akauliza habari za mgonjwa mmoja mmoja wa Chapwa kabla hajauliza nilichokuja nacho.

"Wanasema wewe ndiye shahidi pekee aliye hai," nikasema.

"Najua. Wameniita."

"Wao hawana karatasi."

"Na sisi hatuna?"

"Kwa hiyo litabaki neno lako."

Aliendelea kupukuchua. "Unataka niseme nini, Mwandishi?"

Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima. "Sema mzee alitoa. Sema ilikuwa zawadi kwa chuo."

"Na chumvi?"

"Ya ujirani. Mtu hawezi kumpelekea mjane chumvi?"

Vidole vikasimama. "Yule bibi nilipompelekea hakuiingiza ndani. Aliiweka mlangoni siku nzima, majirani wapite waione, jioni ndipo anaiingiza. Alikuwa hana shida ya chumvi. Alitaka waone kwamba ardhi yake bado inaheshimiwa. Leo nisimame mbele ya wanawe niseme nilikuwa namsaidia? Nimfanye ombaomba, na yuko kaburini?"

Nilikula kiazi ili kinywa kiwe na kazi.

"Nitasema iliazimwa," akaendelea. "Nitasema masharti yalikuwa nini na nani aliyavunja. Jina lako sitalitaja wasiponiuliza. Wakiniuliza nitalitaja."

"Na wasichana, Matroni? Na kapteni? Unajua baba yake alisema nini."

"Unanikumbusha mimi? Mkono alipewa na nani?" Sauti ilipanda, na safari hii haikuwa tu lafudhi ya kwao. Akanyoosha kiganja chenye maganda ya maharage. "Nipe simu. Asisikie kwa watu."

Nilimpigia kapteni, nikaweka sauti ya nje kwa sababu Matroni hakupenda kitu baridi sikioni. Alimsalimia, akamuuliza kama amekula, kisha akamweleza yote kwa sentensi nne, kama alivyonieleza mimi. Msichana hakulia.

"Sasa tutachezea wapi, Matroni?"

Matroni alitazama bondeni, ambako ukungu ulikuwa unaficha hata njia niliyoijia. Nilingoja. Nilikuwa tayari na kalamu.

"Sijui, mwanangu," akasema.

Akanirudishia simu bila kuikata, akainama kwenye ungo wake.

"Matroni?" sauti ikaendelea kuita mkononi mwangu. "Matroni, baba amekuja leo. Ameuliza vile vigingi ni vya nini. Nimwambie nini?"

"Ni mimi, Mwandishi," nikasema. "Usimwambie kitu kwanza. Ngoja."

"Ameshavipita," akasema. "Anakuja huku nilipo."